Kisanduku cha Maoni

Niliiita Karafuu Kiganjani,
jina likapigiwa makofi kabla haijafunguliwa.
Ukumbini Chake Chake: soda baridi,
fulana za kijani, sambusa mia mbili,
na mie ndani ya suti ya shemegi, mikono imenipita,
nikieleza ramani ya mashamba, hali ya hewa,
bei kila saa, jukwaa la wakulima,
vitufe ishirini na viwili kwenye ukurasa mmoja.

Watu themanini na saba waliipakua papo hapo.
Intaneti ya ukumbini ilikuwa ya bure.

Wiki ya pili, kumi na tisa.
Mwisho wa mwezi, watatu:
mie,
kaka yangu Shaame, aliyesahau kuifuta,
na mtu mmoja wa Mtambwe
aliyeifungua kila usiku, saa nne kasoro robo.

Kwanza nililaumu, ndiyo ada yetu mafundi:
watu wa huku hawataki mambo mapya.
Uongo. Shangazi Bikombo hutuma pesa Tanga
kwa simu ya vitufe, gizani, bila miwani.

Basi nikenda kuuliza, Wete, Konde, gatini Mkoani.
Haroub: "Iliniomba barua pepe.
Mie barua yoyote sijapata tangu niache skuli."
Zuwena: "Ilikula nafasi ya picha za mwanangu.
Nikachagua mwanangu."
Mcha: "Bei hutangazwa redioni, mara moja, ikaganda.
Wewe kila saa wanionyesha nini?"
Mmoja hakusema kitu. Alinigeuzia simu yake:
kioo kimepasuka palepale
nilipoweka mlango wa kuingilia.

Mtambwe nilifika tope magotini.
Time Faki alikuwa juu ya jamvi, karani wa wachumaji,
makonyo yamemganda hadi viwikoni,
debe la pishi mbele yake.
Akafungua Karafuu Kiganjani,
akaviruka vitufe vyangu kama mtu arukaye mtaro,
mpaka chini kabisa, kwenye kisanduku kidogo:
*Maoni yako ni muhimu kwetu.*
Akaandika:
Kombo Ngwali, nne.
Mize, sita na robo.
Yule wa Kojani, tatu, kadai nne.

"Daftari lililowa mwaka juzi,
tukagombana wiki nzima. Kisanduku hiki hakilowi.
Ila niambie, maneno haya yanakokwenda,
nani huyasoma?"

Yalikuja kwangu. Mia mbili na sita.
Nilidhani mtoto anachezea simu ya mamake,
nikayatupa kapuni, mie huyohuyo
niliyeandika "muhimu kwetu".

Sikumjibu. Nilikaa jamvini nikachambua nao,
karafuu huku, makonyo kule,
na lundo la makonyo halikuwa dogo.

Niliporudi nikang'oa ramani. Nikang'oa jukwaa.
Nikang'oa hali ya hewa; mvua wanaiona wenyewe.
Usiku wa tatu nikang'oa bei, kitufe nilichokipenda,
roho ikaniuma kama nimeuza kiwanja.
Kikabaki: jina, pishi, jumla.
Tarakimu nene, za kidole chenye utomvu.
Haiulizi wewe nani. Mtandao ukikatika, haijui.

Sikukodi ukumbi.
Nilimpa Time, nikakaa pembeni, mdomo nimeufunga,
kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya.
Mara tatu alibonyeza pasipo.
Nikarekebisha programu. Yeye nikamwacha alivyo.

Sasa makarani kumi na wanne wanaitumia, labda zaidi,
aliyeipenda humwonyesha mwenzake kwenye mizani.
Sijapata faida; nimelipa deni la sambusa.
Time bado ana daftari, kalivisha mfuko wa plastiki.
"Simu huzima," kasema. Sikukasirika.

Kisanduku cha maoni sikukiondoa.
Jana, saa nne kasoro robo, kikalia:
*Kombo kadai nusu pishi tena. Msomaji, upo?*

Nikaandika: Nipo.